Kokteli ya matunda yenye gazi kwa Noeli na Bonane (mwaka mupya), ya batu makumi mbili

Mwaka moja siku ya Bonane nilichanganya kokteli saa sita ya muchana, yote mu basani moja kubwa, matunda, jus, chupa sita za sikre (soda), nikafunika na sahani nikaenda kuangalia nyama ku moto. Batu balianza kufika saa kumi. Kufunua basani, hakuna ata povu moja, ilibakia maji ya sukari tu na bipande bya ananasi yenye ilisha kulegea sawa sabuni ya mu maji. Mama mukubwa alikunywa glasi yake yote juu ya heshima, lakini niliona vile aliiweka chini, na hakuomba ingine.

Tangu hiyo siku minafanyaka namna ingine, na mwaka hata mwaka batu banarudi kuomba glasi ya pili. Siri yake ni kugawanya kazi mara mbili. Kuko jus nzito yenye unatayarisha mbele, siku moja kabla, na kuko gazi yenye inabakia mu chupa yake ikifungwa mupaka batu bakikala ku meza. Hizi bitu bibili zinakutana mu glasi, mbele ya macho ya mutu mwenye atakunywa. Kama jus yako iko nzuri lakini gazi uliiweka mapema, umepoteza sikukuu.

Ngoja nieleze kwa nini, juu ukielewa hii hautasahau tena. Gazi yenye iko mu sikre na mu maji ya gazi ni gazi karboniki, na sisi batu ba Goma tunaijua kuliko batu bengine, ni ile ile ya mazuku, ile inalala fasi ya chini chini inauwa mbuzi na ata batu, na njo ile iko mingi sana chini ya ziwa Kivu pamoja na metani. Kule chini ya ziwa haitoke, kwa sababu maji yote ya juu inaikandamiza. Mu chupa, kazi ya maji ya juu inafanywa na kifuniko. Ukifungua, gazi inaanza kutafuta njia ya kutoka, na joto inaisaidia kutoka mbio, baridi inaishikilia. Kitu kingine chenye kinaiamusha ni punje: punje ya sukari yenye haijayeyuka, nyuzi za ananasi, mbegu, kila moja inakuwa kiti fasi gazi inajikusanyia na kupanda juu. Tupa kijiko ya sukari mu glasi ya sikre uone vile inachemka, halafu onja kiisha dakika tatu, iko plat kabisa, haina gazi tena. Njo maana mu kazi yetu sukari inayeyushwa mbele, jus inachujwa muzuri, na kila kitu inakuwa baridi sana mbele ya kukutana. Basi.

Sasa matunda. Miye minaanziaka ku ananasi, na ananasi minapenda ile ya kisiwa Idjwi, inafikaka na mashua pale ku soko ya Kituku asubui, na ukienda mapema utachagua yenye bado haijapigwa na jua. Usichague kwa macho tu juu kuko ananasi ya njano yenye haina kitu ndani na kuko ya kijani kijani yenye iko sawa asali. Igeuze, nusa chini pale ilikatiwa: kama inanuka utamu, chukua, kama haina harufu yoyote bado haijaiva, kama inanuka sawa pombe imepita. Ibebe mu mukono pia, yenye iko nzito kuliko vile inaonekana iko na maji. Kwa batu makumi mbili nunua tatu kubwa, mbili za jus na moja ya kukata bipande bidogo bidogo.

Kisha marakuja, makumi mbili na tano hivi. Batu banaogopaka yenye ngozi imekunjamana, banachukua yenye inang'aa, na bamama ba soko banajua hiyo banaweka zenye kung'aa juu. Yenye imekunjamana kidogo njo tamu, ya kung'aa inakata sana. Changanya zote mbili, juu kokteli inahitaji ukali kidogo, bila ukali inakuwa sawa dawa ya kikohozi ya batoto.

Na pruni, ile batu banaitaka prune ya Japon (nyanya ya muti, tamarillo), nyekundu, umbo sawa yai, kumi na mbili zinatosha. Hii njo inapatia kokteli yetu rangi ya sikukuu, na mugeni akitoka mbali atauliza umeweka nini humu. Lakini kuko kazi: ngozi yake iko chungu, ukiisaga na ngozi umeharibu jus yote na hakuna sukari yenye itaokoa. Fanya hivi. Kata musalaba mudogo ku muchongo wa kila pruni, chemsha maji, tupa zote ndani, hesabu dakika mbili, toa na uzitupe mu maji baridi. Hapa kwetu tuko karibu mita 1500 juu ya bahari, maji inachemkaka ku digri kama 95 tu, haifike mia, njo maana ile dakika moja batu ba pwani banasema kwetu haitoshe. Ukizitoa utaona ngozi imejikunja pale ulikata, shika ile ncha na kidole na kisu, vuta, inatoka yote kwa mara moja sawa soksi, na ndani inabakia nyama ya rangi ya chungwa na mbegu nyeusi nyekundu zenye kuogelea mu maji ya rangi ya damu ya muzee. Weka kitambaa yenye haupendi sana, juu ile rangi ikishika nguo nyeupe haitoke.

Ndimu sita, tangawizi mbichi kama gramu 150 (mukono moja mukubwa), fimbo moja ya kaneli, karafuu ine tu, sukari nusu kilo. Kama unapata mafrezi (stroberi) ku soko, nunua kidogo ya kupamba. Menta iko ku lupango ya jirani yako, omba.

Bitu byenye sitakushauri: ndizi inafanya jus kuwa nzito na nyeusi, avoka hapana kabisa, papai mu gazi inapata harufu yenye siipende, na tikiti iko maji tu, inalainisha kila kitu. Embe iko muzuri lakini inakuwa nzito, kama unaiweka punguza ya pruni na uchuje mara tatu. Maziwa pia hapana. Ananasi mbichi iko na kitu ndani, bromelaini, inakata proteini, njo ile inakuwasha ku ulimi ukikula mingi, na ukiichanganya na maziwa inakuwa chungu.

Siku moja mbele, tuseme tarehe 30 mangaribi kwa sikukuu ya 31 usiku, anza na siro (maji ya sukari nzito). Kwaruza tangawizi (usiisage na ngozi yenye udongo, osha kwanza), weka mu sufuria na nusu kilo ya sukari na nusu lita ya maji, kaneli na karafuu, ichemke pole pole dakika kumi. Usiiache ipate rangi ya karameli. Zima, funika, ibakie mupaka ipoe yenyewe, ile muda yote tangawizi inaendelea kutoa nguvu. Chuja. Utapata siro kidogo kupita nusu lita, ya njano, yenye kuchoma ku koo. Ionje na ncha ya kijiko, na ukumbuke utaiweka mu litre mingi, kwa hiyo ata kama inaonekana kali sana, iache vile.

Ananasi mbili zikatwe, zisagwe mu mikseri bila maji, au kama hakuna umeme ponda mu kinu yenye haijawahi kuponda kitunguu saumu, juu harufu ile haitokake. Chuja mu pasuwari, kisha chuja tena mu kitambaa safi, ukikamua na mikono yote mbili. Ile povu nyeupe inabakia juu, iondoe na kijiko. Pruni nazo zisagwe na kuchujwa hivyo hivyo, lakini ziweke mu chombo yake pembeni, nitasema kwa nini. Marakuja usiziingize mu mikseri, ile kisu inavunja mbegu na jus inakuwa chungu na inapata punje nyeusi, kata tu katikati, kokota na kijiko uweke mu pasuwari, zungusha na kijiko ya mbao mupaka mbegu zibakie kavu. Inachukua dakika makumi mbili, patia batoto hiyo kazi, banaipenda.

Changanya jus ya ananasi, ya marakuja, ndimu tano zenye umekamua, na nusu ya siro. Onja. Hii jus inapashwa kuwa tamu na kali kupita vile ungekunywa yenyewe, juu gazi itaipunguza mara tatu. Pruni ichanganye na siro kidogo pembeni. Siro yenye inabakia usiitupe bado, utaijua kazi yake ukisha chagua gazi. Weka yote mu chupa safi, funga, mu frigo usiku muzima.

Kuhusu gazi yenyewe. Kipimo yangu ni kopo moja ya jus kwa makopo mbili ya gazi, na hapo juu tumepata jus karibu lita tatu, kwa hiyo tafuta lita sita, chupa ine za lita moja na nusu, inatoka glasi kama makumi tatu na tano. Batu bengi banaweka sikre tu. Siwakataze, lakini sikre iko na sukari mingi sana tayari, ukiongeza siro ndani bababa balisha kupita miaka hamusini banaacha glasi nusu. Miye minachukuaka nusu maji ya gazi yenye haina sukari, nusu sikre nyeupe ya ndimu, na siro minaongeza kidogo tu. Kama unaweka maji ya gazi peke yake, weka siro yote. Sikre nyeusi na ya machungwa hapana, inafunika ladha ya matunda yako yote, kazi ya asubui muzima imekuwa bure. Na kama mu familia kuko mutu mwenye ugonjwa wa sukari, umufanyie glasi yake pembeni, maji ya gazi, ndimu, marakuja moja na menta, bila siro na bila ananasi mingi, umuletee ya kwanza kusudi asijisikie amesahauliwa.

Bengine banauliza kama banaweza kufanya gazi na bikarbonati na ndimu. Povu itatoka kweli, kwa sekonde chache, kisha inabakia chumvi ku ulimi. Hapana.

Lakini gazi ya tangawizi ya nyumbani inawezekana, kama uko na siku tatu. Maji yenye ulichemsha na kupoa, tangawizi mbichi ya kukwaruza na ngozi yake, sukari, ndimu, na ngozi ya ananasi yenye umeosha, juu ku ngozi njo kuko chachu yenyewe ya asili. Acha mu chombo yenye kitambaa juu siku moja au mbili mupaka uone povu ndogo ndogo, chuja, weka mu chupa ya plastiki, acha fasi ya vidole bine juu, funga. Kila asubui na mangaribi finya chupa. Ikikuwa ngumu sawa mupira mupya, peleka ku baridi mara moja, na ufungue pole pole ukigeuza uso pembeni. Chupa ya plastiki tu, nasema tena, siyo ya vioo. Jirani yetu aliweka mu chupa ya bia mu kabati, ilipasuka usiku, vioo biliingia mu mifuko ya unga, na Mungu alisaidia hakuna mutoto alikuwa pale. Na uambie batu ukweli, hii ya kuchacha inakuwaka na pombe kidogo ndani, wale benye hawagusi pombe juu ya kanisa wasikunywe bila kujua.

Barafu. Hapa nitakuwa mukali. Kolera iko mu muji yetu miaka yote, na baridi ya konjelateri (friza) haiuwe mikrobu, inailaza tu, inaamuka mu tumbo ya mutoto. Barafu ya kuweka mu glasi ufanye wewe mwenyewe na maji yenye ulichemsha ao uliweka dawa ya kusafisha maji. Ile unanunua barabarani, yenye haujue maji yake ilitoka wapi, itumie kwa inje ya chupa tu, isiguse kinywaji. Miye siwekake ata barafu ya maji, minagandisha bipande bya ananasi na mafrezi usiku, asubui iko migumu sawa mawe, na njo inapoza glasi bila kuongeza maji. Muzuri ku macho pia.

Na kama umeme umeenda, kama inavyokuwaka siku zile batu bote banawasha bitu, chukua basani kubwa ao glasiyeri (sanduku ya barafu), weka barafu ya kununua, ongeza maji mupaka ifunike chupa, tupa viganja bibili bya chumvi ya mapande, zungusha. Chumvi inafanya ile maji ishuke baridi kupita barafu yenyewe, na maji inagusa chupa pande zote, barafu bila maji inagusa fasi chache tu. Kiisha nusu saa chupa iko tayari. Funga vifuniko nguvu, maji ya chumvi isiingie.

Saa ya kutumikia, batu bote bakikala. Glasi ziwe safi na kavu na kama unaweza ziwe baridi. Kama unapenda kupamba midomo ya glasi na sukari, pitisha kipande ya ndimu ku mudomo, igeuze ku sahani yenye sukari, lakini ku inje tu, sukari isianguke ndani, sasa unajua kwa nini. Weka bipande bitatu bya ananasi ya kugandisha. Mimina vijiko bibili bikubwa bya pruni chini. Kisha jus ya njano, pole pole, mupaka theluthi ya glasi. Kisha inamisha glasi sawa unamimina bia, na uache gazi ishuke ku ubavu, usiimwage kutoka juu. Utasikia ile sauti, shhhhh, na povu ya rangi ya waridi inapanda mupaka ku mudomo na inasimama. Pruni, juu iko nzito na siro ndani, inabakia chini nyekundu, juu inakuwa ya njano, katikati rangi ya jua ya mangaribi yenye inaangukia ziwa. Njo maana niliomba uiweke pembeni. Usikoroge. Weka frezi moja, jani ya menta yenye umepiga na kiganja kusudi inuke, na umupatie mutu na kijiko ndefu, yeye mwenyewe atazungusha mara moja wakati anataka.

Tumikia batu sita sita, fungua chupa mupya kila mara. Chupa yenye imefunguliwa na haijaisha, funga na urudishe ku baridi, usiiache ku meza ikipiga hadisi na batu.

Wale benye banapenda pombe, bawekee shampanye ao divai ya povu fasi ya gazi, kipimo ile ile, lakini mu jagi ingine, na ufunge kamba nyekundu ku mukono wa hiyo jagi na uambie batu bote maana yake mbele ya kuanza, juu batoto banapenda rangi na banachukua yenye iko karibu. Bamoja banauliza juu ya kasiksi, divai yetu ya ndizi. Miye minaipenda, lakini peke yake. Mu hii kokteli harufu yake inafunika marakuja, na marakuja njo roho ya kitu.

Jus yenye inabakia inakala mu frigo siku mbili bila shida, asubui ya tarehe 1 iongeze maji ya kawaida upatie batoto, ao uigandishe mu bikombe bidogo na kijiti katikati. Ile iko tayari na gazi, kunywa usiku ule ule, haina kesho. Na ngozi za ananasi zenye ulitoa usizitupe, osha, chemsha na kaneli yenye ulitumia ku siro na kipande ya tangawizi, dakika makumi mbili, chuja, ikunywe ya moto wakati unaosha basahani.